Jicho Yenye Ilikuwa Inaangalia Tofali

Mwadi, mama yangu,

Kamalondo muzima banasimuliaka ile habari ya mustashi yangu, na bote banaiharibiaka. Fataki, mwenzangu wa kazi wa zamani, ukimukuta ku mutaa ya Kenya na bière yake mbele, atakwambia iliungua na sigara juu nilisinzia ku kazi. Bongo, uwongo mutupu. Mi sigara sikuvutaka hata moya, na kusinzia nilikuwa nasinziaka paka ku kanisa tu. Diacre wa kanisa yetu naye aliigeuza témoignage, ushuhuda: malaika alinifunika na bawa yake, akasahau fasi ya mudomo. Malaika wa namna gani ule, anafanya kazi nusu sawa mujenzi wa vendredi, siku ya mushahara? Mama yako anasema ni ye njo alituokoa bote, na akifika pa mustashi anacheka tu, anaangalia pembeni. Mwenye anaiyua kweli ni mi, juu ni mi nilikuwa pale. Na leo minaiandika, juu kesho asubui unapanda bus ya Kolwezi, ku kazi yako mupya ya usine, ya kiwanda, na pa meza yetu sitabaki na muntu wa kumusumbua na ile habari.

Minaandika vile minasema. Masomo sikupata, mwalimu yangu alikuwa moto, na ye hafundishe orthographe. Weye mwenye diplôme ukikuta kosa, uinyamazie, sawa vile minanyamaziaka mabonge ya ile bukari, ile ugali unapikaka.

Sitakwambia maneno ya kuchemusha maji, wala ya moustiquaire, neti ya mbu, wala ya bavijana ba Kolwezi. Ile ni kazi ya mama yako. Minamusikia mu chumba, anafunga sac yako, anaifungua, anaifunga. Mi minaandika juu ya neno moya tu, yenye ulisema siku ya dimanche pa meza.

Ulisema: «Papa, kule ku usine brûleurs hazisimamake ovyo sawa za zamani zenu. Banasema cellule yao haijasimamisha kazi hata siku moya.»

Ulisema na furaha. Mama yako akapiga makofi. Mi nilitia bonge ya bukari mu mudomo, nipate kintu ya kufanya na uso yangu. Ile neno nilikuwa nimeshaisikia, maneno moya moya, haikukosa hata moya. Muntu mwenye aliisema mbele alikuwa mi.

Sasa usikilize.

Ile wakati nilikuwa mukubwa. Haina mukubwa wa cheo, mukubwa wa jina. Balikuwa baniita Docteur wa Moto. Brûleur, ile mashini ya kurusha moto, ikikohoa mbali kule ku Kenya, mi nilikuwa naisikia ku Kamalondo nikikunywa chai. Ukatae kama unataka. Kulikuwa usine moya ya sabuni, leo haiko tena, batu banalazaka ciment pale ndani. Chaudière yake, ile sufuria ya chuma yenye inatoa mvuke ya kupikia sabuni, ilikuwa mukubwa sawa nyumba, na mulango ya fourneau yake, ile chumba ya moto, mwanaume mufupi angeingia amesimama. Mi na Fataki njo tulikuwa tunailinda. Fataki alikuwa bado kijana, nywele nyingi, akili iko njiani inakuya.

Uko unayua jicho kunipita, lakini uache nikueleze na mudomo yangu, juu nataka uyue vile mi niliiona. Brûleur inarusha mazout, ile mafuta ya kuwasha, sawa mvua nyembamba, kacheche kanaiwasha, moto inasimama. Pembeni kuko kabomba kafupi, na ku mwisho ya kabomba kuko jicho, ile munaita cellule. Jicho ikiona moto, inaacha mazout ipite. Isipoona, inafunga. Njo kazi yake yote. Haipike, haibebe, haisukume. Ni mulinzi, na kazi ya mulinzi ni kusema kweli.

Mbele tulikuwa na jicho ya zamani, yenye ilikuwa inaangalia mwangaza tu. Kiisha balituletea hii ya infrarouge. Mambo ya mu ndani utanieleza weye. Mi nilishika hivi: inatafuta kintu yenye inacheza. Moto inachezaka, haituliake, sawa Fataki akisikia rumba. Tofali ya fourneau, hata ikiwa nyekundu namna gani, inatulia, na jicho inapashwa kuipita bila kuisalimia. Lakini ulishaona lami ya route ya Kasumbalesa, saa sita, mu kiangazi? Barabara imetulia, lakini hewa yenye iko juu yake inatetemeka, unaweza kuapa ni maji. Tofali ya moto nayo iko vile. Na jicho ukiipandisha sensibilité, ukali wake wa kuona, kupita kipimo, itaona ile kutetemeka na itasema: moto njo hii.

Njo maana jicho inapashwa kuelekezwa pa shina ya moto, pale karibu na pua ya brûleur, fasi yenye moto inazaliwa. Haina ku tumbo ya moto, haina ku tofali ya nyuma. Pa shina. Nilikuwa naiyua hii sawa vile minayua jina yako.

Sabuni nayo iko na sheria yake. Ukisha kuipika, mafuta na soude bikamatane, hauwezi kuacha. Mvuke ikikatika, sabuni inaganda mu sufuria na unaitoa na pelle, sawa muntu anachimba kaburi. Pale ku usine balikuwa banasema «sabuni imelala», na ile neno ilikuwa mubaya kupita matusi ya mama.

Basi ile mwaka mazout yenye balituletea ilikuwa chafu. Moto ilikuwa inatoa masizi, masizi inapanda mu kabomba, inafunika jicho, jicho haione, inafunga. Asubui inafunga. Tunapangusa, tunawasha, saa sita inafunga tena. Kila mara kapita wetu, musimamizi wa kazi, alikuwa anakuya. Alikuwa muntu wa sauti ya chini, na sauti ya chini inaumaka kupita ya juu. Siku moya alisimama katikati ya bamama benye kukata sabuni, akaniangalia, akasema: «Docteur, mugonjwa wako amekufwa tena?»

Bamama bakacheka. Mi nikacheka nao. Lakini kile kicheko nilikimeza sawa mufupa wa samaki.

Nikarudia mu chaudière, nikakamata tournevis, bisibisi yangu. Kulikuwa na kazi ya kufanya, na nilikuwa naiyua: kufungua kabomba, kupangusa jicho na kitambaa safi, kutafuta juu ya nini moto inatoa masizi, kuangalia pua ya brûleur, kuirudisha jicho pole pole pa shina. Ni kazi ya asubui muzima. Mi nilizungusha kavis, kale kaskrubu ka sensibilité, mupaka mwisho. Kiisha nikalegeza kabomba, nikakainamisha kidogo, kidogo tena, macho yangu iko ku kalampe ya vert, kale ka kijani kenye kanawaka jicho ikiona moto. Nikakuta fasi moya yenye kalampe ilisimama, haitikisike. Nikakaza. Ungekuwa na beignet mu mukono, haungeimaliza.

Sikuuliza jicho inaangalia nini. Niliuliza paka kama kalampe inawaka.

Fataki alikuwa ananiangalia. Akasema: «Vieux, tuiulize.»

Kuuliza jicho, ile ni desturi ya batu ba moto, na minasikia leo mu ma écoles yenu iko na jina yake ya kifaransa. Ukisha kutengeneza jicho, unangoya fourneau ikamate moto sana, tofali ikuwe nyekundu kabisa. Pale njo unafunga mazout na mukono. Moto inakufwa. Sasa unaangalia jicho: itasema moto imekufwa, ao itaendelea kusema moto iko? Ikifunga haraka, ni jicho ya kweli. Ikinyamaza, iko inaona tofali. Ni hii tu. Lakini juu ya kuuliza, unapashwa kuzima, na kuzima ni kulaza sabuni.

Nikamujibu Fataki: «Sabuni iko mu sufuria, petit. Ukizima, utaipika na pumzi yako?»

Bamama balikuwa karibu, bakasikia, bakacheka. Fataki mwenyewe akacheka. Na mambo ikaishia pale.

Mwadi, mama, nilishafikiri mingi juu ya ile siku. Kosa haikukuwa pa tournevis. Mukono wa muntu unakosaka, na jicho unaweza kuielekeza tena. Kosa ilikuwa pa kicheko. Fataki aliuliza neno ya kweli, na mi niliifunika na masheka, juu minayua kuchekesha. Ni zawadi yangu, bote banaisema. Ile siku niliitumikisha sawa muntu anafunga mulango. Weye ulirizi ile mudomo yangu, nilishakusikia vile unabajibu bakaka zako. Ukikuwa kule, na muntu akikuuliza kintu ya moto, na weye ukisikia masheka inapanda ku ulimi, uimeze. Utaisema kiisha.

Basi kalampe haikuzimika tena. Masizi ilipanda, kalampe inawaka. Mazout mubaya ilikuya, kalampe inawaka. Kapita akaanza kunisalimia kwa jina ya baba yangu. Mi nikafuga mustashi, Mwadi, mustashi ya maana, ncha mbili zinaangalia juu sawa pembe ya ngombe, naipaka mafuta ya palme kila asubui. Na mu bar nilikuwa nasema: «Jicho yangu haijasimamisha kazi hata siku moya.»

Umesikia? Ile ile neno.

Na kintu ya kuogopesha ni hii: ile wakati yote jicho haikukuwa inasema bongo. Ilikuwa inasema moto iko, na kweli moto ilikuwa iko. Ni sawa unauliza muntu kama mvua inanyesha, ye anaangalia ku ukuta, anakujibu «inanyesha», na kweli inanyesha. Utamukamata siku gani? Paka ile siku mvua itaacha.

Mvua njo ilituletea ile siku. Ilikuwa masika mukubwa, maji iliingia mu tank ya mazout, na sisi hatukuyua. Maji inashukaka chini, na bomba inavutaka chini. Mama yako wakati ile alikuwa anauzisha bukari na samaki pa mulango ya usine, na weye ulikuwa mu tumbo yake, tayari unasukuma. Ile siku, katikati ya mukutano ya bantu benye njaa, aliacha muiko mu sufuria akakuya mupaka ku mulango ya chaudière. Hakukuyaka pale. Alikuwa anasema inanuka sawa magari.

Akasimama pale mu mulango, sawasawa mbele ya fourneau, mikono juu ya tumbo.

«Cheminée yenu inatoa moshi mweupe,» akasema.

Mi nilikuwa nimekaa ku kiti yangu. Kalampe ya vert inawaka muzuri. Nikamwambia arudie ku samaki, juu samaki nayo inatoa moshi na hakuna muntu anaisumbua. Fataki akacheka.

Ye hakucheka. Akasema: «Mi minapikaka na makala na kuni kila siku. Moshi wa vile ni wa kuni yenye moto yake imekufwa na ingali ya moto. Ukiinama kuipulizia, inakurukia ku uso.»

Sikumusadiki, Mwadi. Niliinuka juu ya kumuonyesha, mbele ya Fataki, kama anakosa. Chaudière iko na kadirisha kadogo ka kioo cha buluu cha kuchungulia ndani. Nikainama, nikatia jicho yangu pale, na mudomo yangu ilikuwa tayari imefunguka ya kumucheka.

Moto haikukuwa.

Kulikuwa tofali, nyekundu, nyekundu kabisa, sawa mu ndani ya mudomo. Na mbele ya tofali kulikuwa ukungu mweupe unazunguka pole pole. Ile haikukuwa moshi. Ilikuwa mazout: maji ya tank ilikuwa imezima moto, kiisha mazout ikarudia kupita. Brûleur ilikuwa inaendelea kurusha mvua yake juu ya tofali ya moto, na tofali inaigeuza mvuke, na mvuke inajaa, inajaa, inangoya paka hewa kidogo. Ventilateur, ile feni ya kusukuma hewa, inalia vile inaliaka kila siku. Pompe inalia vile inaliaka kila siku. Na kalampe ya vert, juu ya kichwa yangu, inasema: moto iko, moto iko.

Nikatoa jicho yangu ku kioo.

Nikageuka. Fataki alikuwa ku tableau ya vipimo. Aliona aiguille ya mvuke, ule mushale wa kipimo, inashuka, na ye, mutoto wa kazi muzuri, alikuwa amesha kutia mukono ya kuongeza mazout, juu njo vile nilimufundisha: mvuke ikishuka, ongeza.

Kama ningepiga kelele angeshituka na angezungusha. Nikasema pole, vile unasemaka na muntu mwenye nyoka iko karibu na muguu yake: «Fataki. Toa mukono.»

Akaniangalia. Nafikiri hakukuwa ameonaka uso yangu bila masheka. Akatoa mukono.

Vanne ya mukono, ile koki ya kufunga mazout, ilikuwa ku ngambo ingine, na ya kuifikia unapashwa kupita mbele ya mulango ya fourneau. Hakuna njia ingine. Batu benye kujenga ile chaudière Mungu abasamehe. Nikapita. Usikie Diacre anasema eti niliruka sawa simba: nilipita sawa muzee anaenda ku cabinet, ku choo, mugongo ku ukuta, pole. Kifua yangu ilikuwa mbele ya ile mulango ya chuma, na nilikuwa nasikia joto yake mu meno. Nikashika vanne. Nikafunga.

Na pale njo kazi mukubwa ilianza, Mwadi: kukosa kufanya kintu. Mikono inataka. Inataka kufungua kadirisha, inataka kusimamisha ventilateur, inataka kuongeza hewa moshi itoke haraka. Usiguse. Ukishafunga mazout, acha hewa vile iko, juu ikibadilika ile mvuke inaweza kuwaka, na utoke mbele. Mi nilikuwa naiyua, na nilikuwa na mikono mbili yenye haikuiyua.

Kiisha nikaona mama yako. Alikuwa angali mu mulango, sawasawa mbele ya fourneau, na tumbo yake mbele, weye ndani.

«Kapinga,» nikasema. «Enda pembeni. Pembeni ya ukuta.»

Mama yako unamuyua. Maisha yake yote nikimwambia kuume anaenda kushoto, na ananiuliza juu ya nini. Ile siku moya tu hakuniuliza. Akaenda pembeni. Fataki akaenda naye.

Hewa ilikuta fasi yake. Chaudière ikakohoa.

Haina baoum ya cinéma. Ni kikohozi, kifupi, kizito, sawa muzee mwenye kifua. Mulango ya fourneau ikafunguka yenyewe, vyuma vyake vikakatika, na ulimi ya moto ikatoka, ikapita katikati ya nyumba, ikatoka ku mulango, ikalamba fasi yenye mama yako alikuwa amesimama, na ikarudia ndani. Masizi ikashuka juu yetu sawa mvua nyeusi. Mustashi yangu ikaenda na ile ulimi, nusu yote ya kuume, na harufu ya nywele ikabaki mu pua. Kiisha kimya. Paka ventilateur inalia. Na kule inje, ile sufuria ya bukari yenye mama yako aliacha ilikuwa inaungua, na bantu banalalamika.

Njo pale tulikimbia. Fataki akikwambia mi nilikimbia, umwambie ni kweli, na umuulize nani alikuwa mbele yangu.

Kapita alikuya, masizi ingali inaanguka. Aliangalia mulango yenye kuvunjika, aliniangalia, na kwa sauti yake ya chini akauliza mvuke itarudia saa gani. Ile neno haikunikasirisha. Ni vile muntu anaulizaka wakati kichwa yake haijafika. Nikamujibu: «Leo sabuni inalala, kapita. Na kesho pia.» Ilikuwa mara ya kwanza nasema ile neno na mudomo yangu. Mbingu haikuanguka. Bakatoka na pelle, bakachimba sabuni, bamama bakailaani mupaka babu yangu, kiisha ikaisha.

Wakati fourneau ilipoa, nilifungua jicho. Niliiondoa ku kabomba, na pa fasi yake nikatia yangu. Nikachungulia fasi yenye ilikuwa inachungulia. Mwadi, shina ya moto haikuonekana. Pua ya brûleur haikuonekana. Niliona tofali ya nyuma, katikati kabisa, sawa picha ndani ya cadre. Wakati ile yote nilikuwa nimeajiri mulinzi na kumugeuza uso ku ukuta.

Sasa weye. Kesho kutwa utaingia mu usine ya batu, na batakuonyesha brûleurs zao za kukausha mawe ya madini, mukubwa kupita ile yangu. Na utakuwa mwanamuke wa kwanza pale kushika tournevis. Batakuita maman, batakuletea kiti. Na batasema na majivuno: jicho yetu haijasimamisha kazi hata siku moya. Uitike, usibishane, ukae ku kiti yao. Lakini kwanza, mbele ya kuzungusha kavis hata moya, siku yenye brûleur iko baridi, toa jicho na utie yako pale. Uone yenye inaona. Ukiona pua ya brûleur, sawa. Ukiona tofali, uko unayua kintu yenye bo habaiyue, na usiseme kwa sauti, usibahaibishe, irudishe tu pa shina na uipangushe.

Kiisha uiulize. Fourneau ikiwa nyekundu, mbele ya batu bote, funga mazout na mukono. Batasema kazi inalala. Kila usine iko na sabuni yake, kule ni mawe. Bataniita mi muzee wako mwenye anakuogopesha bure. Banaweza kucheka, na weye utataka kucheka nao, juu uko mutoto wangu. Kama banakatalia kabisa, kama kapita wa kule anasema hapana kuuliza, pale sitakwambia ufanye nini. Mi ile neno ilinishinda na nilikuwa na mustashi. Lakini uyue bus inayoenda Kolwezi njo ileile inarudiaka, na bukari hapa mama yako hapimake. Sitakuuliza juu ya nini umerudia. Nitakuuliza paka kama mvua inanyesha.

Mama yako ananiita, anasema sac haifungike, nikuye niikalie. Na anauliza minaandika nini hivi murefu. Nimemwambia ni ile habari ya mustashi. Amecheka, ameangalia pembeni.

Ile kicheko yake, Mwadi, kesho utakuwa umeenda na sitapata tena nafasi, njo minakwambia. Mulango ilivunjika, ni kweli. Ulimi ya moto ilipita pale mulikuwa mumesimama, ni kweli, Fataki ataapa. Lakini mustashi haikuungua. Hata unywele moya. Nilirudia ku nyumba muzima, mama yako akanigeuza uso huku na huku sawa muntu anachagua papai, hakukuta kintu. Shati ilikuwa inanuka tu. Na mangaribi, nikiwa pa meza, nilijisikia mi mwenyewe nasimulia na masheka, na nasema: haikukuwa kintu. Fasi moya ndani yangu ilikuwa imeshaanza kufikiri vile nitakaza ile kavis tena kesho, lakini kidogo tu.

Njo niliinuka, nikakamata wembe. Nilinyoa nusu ya kuume, mama yako ananiangalia mu kioo. Halafu asubui nikanyoa ingine, na sikuifuga tena.

Moto haikuniachia alama. Alama nilijitia mi mwenyewe, juu nisisahau. Weye hauna mustashi, asante Mungu, juu ungefanana na shangazi yako. Kwa hiyo weye uiulize jicho mbele.

Papa yako